Supachaja ya injini ya rota kwenye ndege ya kujiundia: piga kwanza hesabu ya hewa ya Dodoma

Fundi anayejiundia ndege na kuifungia injini ya rota ya Mazda (isiyo na pistoni, yenye rota za pembe tatu zinazozunguka) huanza na swali la mashine: ninunue supachaja gani, yaani pampu ya kuisukumia injini hewa ya ziada? Swali hilo limekuja mapema. Yanayotangulia ni mawili. Injini inapungukiwa hewa kiasi gani pale inaporukia, na ndege itashuka hadi mwinuko gani? Kwa ndege yenye makazi Dodoma majibu ya maswali hayo yanavutana, na ni mvutano huo unaoamua aina ya mashine, saizi ya puli na hata propela.

Uwanja wa ndege wa Dodoma uko mita 1,120 hivi juu ya usawa wa bahari. Presha ya kawaida ya hewa kwa mwinuko huo ni kilopaskali (kPa) 88.5, wakati pwani ni 101.3. Hapo asilimia 13 imeshakwenda, na joto bado hatujalihesabu. Mchana wa Novemba kipimajoto kikisoma nyuzi 30, mita moja ya ujazo ya hewa ina uzito wa kilo 1.02 badala ya 1.225 ya hewa ya kawaida ya pwani. Injini inapata asilimia 83 tu ya hewa iliyokusudiwa. Magurudumu yako kwenye lami ya futi 3,670, lakini mabawa na injini vinafanya kazi kana kwamba viko futi 6,300.

Sasa injini yenyewe. Mazda 13B ina rota mbili, kila moja ya sentimita za ujazo 654, jumla 1,308. Rota ikizunguka mara moja shafti huzunguka mara tatu, na kila rota hutoa mlipuko mmoja kwa kila mzunguko wa shafti. Kwa hiyo injini humeza lita 1.3 kila mzunguko, sawa na injini ya pistoni ya mipigo minne yenye lita 2.6. Anayesoma "1.3" kwenye kadi ya gari kisha akatafuta supachaja ya injini ya lita 1.3 amenunua nusu ya anachohitaji.

Ikizunguka mara 6,000 kwa dakika na kujaa sawasawa, 13B humeza lita 7,850 za hewa kwa dakika. Pwani, siku ya nyuzi 15, hizo ni kilo 9.6. Dodoma, nyuzi 30, ni kilo 8.0. Tofauti ya kilo 1.6 kwa dakika ndiyo deni unalotaka kulipa. Kwa injini ya nguvu za farasi 170 pwani, deni hilo linakubakizia farasi 141 hivi.

Je, unaihitaji kweli?

Kabla ya kutoa pesa, tazama giaboksi ya propela. Giaboksi za rota zilizoenea kwa waunda ndege hupunguza mzunguko kwa 2.17 au kwa 2.85. Kwa 2.17, injini ikiwa 6,000 propela inazunguka 2,765, na ukiongeza mzunguko wa injini ncha za propela zinakaribia kasi ya sauti: kelele inapanda, msukumo haupandi. Kwa 2.85, injini inaweza kwenda 7,000 na propela ikabaki chini ya 2,500. Injini inayozunguka 7,000 humeza hewa zaidi ya ile ya 6,000 kwa asilimia 17. Hiyo karibu inalilipa lote deni la Dodoma la asilimia 17.

Si bahati tu. Rota haina pistoni ya kusimamisha na kurudisha wala vali za kurusha, ndiyo maana 7,000 haiitishi. Kwa ndege inayozunguka Dodoma, Singida, Kondoa na Iringa bila kupanda sana, giaboksi ya 2.85 na propela ndefu ni dawa nyepesi, na haina mkanda wa kukatika. Supachaja inajitetea pale tu giaboksi ya 2.17 imeshafungwa na haibadiliki, au ndege ina uzito unaodai nguvu zaidi, au unataka kusafiri futi 9,000 hadi 12,000 bila injini kuishiwa pumzi. Kama hakuna moja kati ya hayo, acha.

Presha si hewa

Tuchukulie umeamua. Lengo la busara kwa Dodoma ni uwiano wa presha wa 1.35, yaani mashine ipokee hewa ya kPa 88.5 na kuitoa ikiwa na 119.5. Gauji ya magari itakuonyesha psi 4.5, kwa sababu yenyewe hulinganisha na hewa ya nje. Usiitumie. Funga gauji ya presha kamili ya manifodi (bomba linaloingiza hewa kwenye injini), ile ya inchi za zebaki. Hapa itasoma 35 na kidogo, na itakwambia ukweli uleule uwe Dodoma au Dar es Salaam.

Asilimia 35 ya presha haikupi asilimia 35 ya hewa, kwa kuwa hewa ikibanwa inapata moto. Supachaja ya aina ya Roots, yenye rota mbili zinazosukuma hewa, ikiwa na ufanisi wa asilimia 55 ikibana hewa ya nyuzi 30 kwa uwiano huo huitoa ikiwa na nyuzi 79. Ukigawa kwa joto, hewa halisi imeongezeka kwa asilimia 16 tu. Weka intakula (kipozea cha hewa iliyobanwa) inayoondoa asilimia 60 ya joto lililoongezwa: hewa inashuka hadi nyuzi 50 na ongezeko linafika asilimia 26 au 27. Sasa injini inapata kilo 10.1 kwa dakika, juu kidogo ya zile 9.6 za pwani.

Kisha mashine yenyewe inakula. Kubana kilo 10.1 za hewa kwa dakika kwa ufanisi huo hugharimu farasi 11 kutoka kwenye shafti, bila kuhesabu msuguano wa mkanda. Salio ni farasi 168 hivi. Kwa maneno mengine, vifaa vyote hivi vimekurudisha ulipokuwa pwani bila supachaja, ukiwa umebeba uzito wa ziada puani mwa ndege. Pima kila kipande kwenye mizani, kisha fanya upya hesabu ya uzito na kitovu chake kabla ya kutoboa tundu lolote kwenye ukuta wa moto, ule unaotenganisha injini na rubani.

Roots: hesabu ya puli

Roots ni mashine ya kusukuma ujazo maalumu kwa kila mzunguko. Uzuri wake ni kwamba saizi yake hukokotolewa kwenye karatasi. Kilo 10.1 za hewa ukizigawa kwa 1.02 unapata mita za ujazo 9.9 kwa dakika zinazopaswa kupita mdomoni mwa mashine. Chukua ufanisi wa kujaa wa asilimia 85, kwa sababu hewa kiasi huvuja kurudi nyuma kati ya rota zake.

Eaton M45, ile iliyokuwa kwenye Mini Cooper S ya 2002 hadi 2006, ina lita 0.74 kwa mzunguko. Ingebidi izunguke karibu mara 15,800 kwa dakika. Gari huigusa kasi ya namna hiyo kwa sekunde chache wakati wa kuovateki. Ndege ingeishikilia muda wote wa kupanda. Ni ndogo, mwache muuzaji aseme anachosema. Eaton M62, iliyofungwa kwenye Benz SLK 230 Kompressor za mwanzo, ina lita 1.02 na inahitaji 11,500 hivi: inawezekana, puli iwe ya uwiano wa 1.9. Toyota SC14, iliyokuja na Estima za supachaja na pia na injini ya Toyota ya 1G-GZE, ina lita 1.4 na inahitaji 8,300, uwiano wa 1.39. Eaton M90 ina lita 1.47 na inatosheka na 7,900, lakini ni ya magari ya Kimarekani kama Thunderbird Super Coupe na ni adimu kwenye soko letu linalotegemea Japani. SC12 ya Toyota, lita 1.2, iko katikati kwa 9,700.

Mfano wa puli: kama puli ya shafti ya injini ina milimita 140, SC14 inadai puli ya milimita 101 na M62 inadai ya milimita 73. Puli ndogo hushikwa na mkanda kwa eneo dogo na huteleza mapema. Kwa milimita 73 usitumie mkanda wa mifereji chini ya minane, na weka kibanio kiasi kwamba mkanda unakumbatia zaidi ya nusu ya puli. Kwa sababu hiyo peke yake, mashine kubwa inayozunguka polepole ni chaguo bora kuliko ndogo inayokimbizwa, hata ikikuongezea kilo kadhaa. Inavuma kidogo, ina joto kidogo, na beringi zake zinaishi.

Ukinunua iliyotumika, soma namba kwenye mwili wake; neno Kompressor kwenye buti la gari halitoshi. Vua bomba la kuingizia hewa na umulike tochi ndani. Rota za Eaton zina utando mweusi unaoziba mwanya kati ya rota na rota. Utando ukiwa mzima, mweusi umetanda sawasawa hadi kwenye kingo. Mistari ya alumini inayong'aa kuzunguka kingo maana yake mchanga umepita au beringi zimelegea hadi rota zikagusana. Mwanya umekua, ufanisi wa asilimia 85 haupo tena, na hesabu yote ya juu imekufa. Zungusha puli kwa mkono. Mlio wa kokoto upande wa nyuma ni beringi za sindano zilizokauka. Kugongagonga unapogeuza puli huku na huku ni kapulingi ya plastiki iliyolika, na hiyo si ugonjwa wa kufisha, hubadilishwa. Oili ya gia zake ni ya kwake pekee, haitoki kwenye injini. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, bei ishuke sana au uondoke.

SC12 na SC14 zina klachi ya sumaku kwenye puli, kama ya kompresa ya AC. Kwenye ndege ni baraka ambayo wengi huing'oa ili kupunguza uzito. Usiing'oe, sababu inafuata.

Tatizo la Dar es Salaam

Supachaja ya mkanda haijui mwinuko. Inajua uwiano. Puli uliyoikata ikupe kPa 119.5 Dodoma itakupa kPa 137 ukitua Dar es Salaam na kuruka tena kwa throto yote, yaani wenzo wa nguvu ukiwa mwisho. Hizo ni inchi 40 za zebaki. Kwa injini yenye rota za mbano wa 9.4 au 9.7, na petroli ya kituo cha kawaida, hapo ndipo sili za ncha za rota (vipande vya kuzibia kwenye pembe zake) huvunjika. Vilevile, ukipanda hadi futi 10,000 ambako hewa ya nje ina kPa 69.7, puli hiyohiyo inakupa 94. Si mbaya hata kidogo, lakini si 119.

Njia za kulidhibiti ni tatu. Ya kwanza ni rubani kuishika throto kwa kuangalia gauji, na mstari mwekundu uchorwe kwenye kPa 120. Inafanya kazi kwa rubani mtulivu. Kwenye ruka ya dharura mkono husukuma wenzo hadi mwisho bila kuuliza gauji. Ya pili ni vali ya mchepuko inayofunguka yenyewe presha kamili ya manifodi ikifika kikomo na kuirudisha hewa mdomoni mwa mashine. Vali nyingi za magari hufungwa kwa springi inayolinganisha na hewa ya nje, kwa hiyo mwinuko huzidanganya vilevile. Tumia inayoendeshwa na kontroli boksi yenye sensa ya presha kamili. Ya tatu ni ile klachi: pwani unaizima, injini inavuta kupitia mchepuko, na kPa 101 za pwani zinatosha kabisa.

Vali ya mchepuko inahitajika hata bila suala la Dar. Mkanda ukikatika, rota za Roots zilizosimama huziba njia ya hewa. Bila mchepuko injini inabaki na nguvu ndogo kuliko ambayo ingekuwa nayo bila supachaja. Vali ifungwe kwa namna ambayo ikikosa umeme au vakyumu hubaki wazi. Na mkanda wa supachaja usipite mahali ambapo vipande vyake vitaangukia mkanda wa pampu ya maji na alternata.

Mashine ya feni

Supachaja ya feni, inayobana hewa kwa feni ya kasi kubwa badala ya rota za Roots, hupata sifa mbaya kwenye magari kwa kuwa haitoi kitu mzunguko ukiwa chini: presha yake ya ziada hupanda kwa mraba wa kasi. Mashine inayotoa 1.35 kwa 6,000 itatoa 1.24 kwa 5,000. Kwenye gari la foleni ni kero. Kwenye ndege si neno, maana propela nayo kwa 5,000 inadai asilimia 58 tu ya nguvu iliyoidai kwa 6,000. Mashine na propela zinakubaliana. Ufanisi wake ni asilimia 70 au zaidi, kwa hiyo hewa inatoka na nyuzi 68 badala ya 79, na inakula farasi wachache.

Kasoro yake iko kwenye kuchagua saizi. Utapewa ramani ya kompresa (mchoro wa presha na kiasi cha hewa), na watu huiingia kwa kilo walizokokotoa moja kwa moja. Ramani imechorwa kwa hewa ya pwani. Kilo 10.1 kwa dakika ni 0.168 kwa sekunde. Ukirekebisha kwa presha na joto la Dodoma zinasomeka kama 0.197, au pauni 26 kwa dakika. Ukiingia na 22 badala ya 26 utachagua feni ndogo itakayokabwa ukipanda juu. Ukikosea upande wa pili, feni itakohoa: unapofunga throto ghafla hewa inarudi nyuma kwa kishindo na kupiga beringi. Hapa tena vali ya mchepuko ni lazima. Ndani kuna gia au rola za kuongeza kasi, na feni huzunguka makumi ya maelfu kwa dakika. Rotrex, mojawapo ya mashine hizi, hutumia oili maalumu ya kwake. Usiiongezee oili ya injini hata tone, na uagize chupa ya akiba kabla hujahitaji, si baada.

Turbo

Kwa rota, turbo ndiyo yenye hoja nzito ya kisayansi na yenye mitego mingi ya karakana. Ekzosi ya rota hutoka na joto na nguvu nyingi. Nyuzi 900 na zaidi ni kawaida. Turbo ni supachaja inayozungushwa na gesi ya ekzosi: huchukua nguvu hiyo iliyokuwa inakwenda bure, haina mkanda, na ikiwa na vali ya kupunguza gesi inayofuata presha kamili hushikilia manifodi palepale kuanzia pwani hadi mwinuko wa ukomo wake. Tatizo la Dar halipo.

Mitego. Turbo zilizokuja na RX-7 zina nyumba ndogo ya tabini ili gari liitike haraka. Ukizishikilia kwenye nguvu ya kupandia kwa dakika kumi, gesi inabanwa nyuma ya injini, joto linapanda, na gurudumu la tabini linachoka hadi linaachia. Tumia nyumba kubwa. Kuchelewa kuitika si tatizo la propela. Bomba la kwenda kwenye turbo liwe la chuma cha pua cha daraja la 321 au aloi ya nikeli, lisiwe bomba la kawaida la fundi wa ekzosi wa mtaani, na turbo ibebwe na mabano yake, isining'inie kwenye bomba. Oili inayotoka kwenye turbo hushuka kwa uzito wake. Ukiifunga turbo chini ya usawa wa oili ya injini, itafurika na kuvujia kwenye ekzosi ya moto usipoweka pampu ya kuinyonya. La mwisho, sili ya rota ikivunjika kipande hutokea kwenye tundu la ekzosi na kukutana na tabini. Kwa supachaja ya mkanda kipande hicho kingetoka nje tu.

Kwa anayesafiri juu mara kwa mara na ana fundi mzuri wa kuchomea chuma cha pua, turbo. Kwa anayetaka kulipa deni la Dodoma na kutengeneza kwa spea za Toyota, SC14 yenye klachi yake. Mashine ya feni ina ufanisi kuliko Roots kwenye karatasi, lakini ni ngumu kuihudumia ukiwa mbali na muuzaji.

Hali ya injini yenyewe

Injini ya RX-8, iliyotengenezwa 2003 hadi 2012, ndiyo changa na ndiyo rahisi kuipata. Mbano wake ni 10.0, wa juu kuliko zote, na matundu yake ya ekzosi yako ubavuni, jambo linalosukuma joto zaidi kwenye maji na oili. Usiipe zaidi ya kPa 115. Injini za turbo za RX-7 zina mbano wa 8.5 au 9.0 na huvumilia zaidi. Sili za ncha za injini za 1986 na kuendelea zina unene wa milimita 2. Za kabla ya hapo, milimita 3.

Pima mbano kabla ya kununua, kwa kipimo kinachosomea kila upande wa rota peke yake. Hapa Dodoma wauzaji na wanunuzi wote hukosea. Kiwango cha chini cha Mazda kwa RX-8 ni kPa 680 ikizungushwa mara 250 kwa dakika, lakini ni cha pwani. Zidisha ulichosoma kwa 1.145. Injini iliyosoma 600 hapa ni 687 kwa kiwango cha kitabu: imepita kwa shida, haijafa. Ukiona pande mbili za rota moja ziko chini na ya tatu ni nzima, sili moja imekwisha, kwa kuwa kila sili hutenganisha vyumba viwili.

Kwa petroli, kPa 119.5 na hewa kilo 10.1 kwa mchanganyiko mnene wa 11.5 kwa moja zinadai lita 1.2 kwa dakika. Nozeli nne za sentimita za ujazo 460 zinatosha zikifanya kazi kwa asilimia 65, mradi regyuleta ifuate presha ya manifodi. Plagi zote nne ziwe za baridi (zinazopoteza joto haraka), mfano BUR9EQ za NGK, na plagi za nyuma zichelewe kwa nyuzi 10 hadi 15 baada ya za mbele. Ukiondoa pampu ya oili ya sili, changanya oili ya tu-stroki mililita 8 kwa kila lita ya petroli. Rota inayogonga, yaani petroli inapolipuka vibaya ndani yake, haisikiki kwa sikio ndani ya ndege. Sili huvunjika kabla hujajua, kwa hiyo usitafute kikomo kwa kujaribu.

Joto na vumbi

Theluthi moja hivi ya joto la kupozwa hupitia kwenye oili, kwa kuwa oili ndiyo inayopoza rota kwa ndani. Rejeta ya oili iliyotosha pwani haitoshi hapa: hewa nyepesi kwa asilimia 17 hubeba joto pungufu. Oili inayoingia injini isizidi nyuzi 95. Usiweke intakula mbele ya rejeta yoyote. Ipe mdomo wake wa hewa. Kama oili tayari inafika 95 ukipanda bila supachaja, tengeneza upoozaji kwanza, na supachaja ibaki kwenye boksi.

Vumbi la Agosti hadi Oktoba ndilo adui wa utando wa rota za Roots na wa makali ya feni. Filta ya karatasi, kubwa kadiri nafasi inavyoruhusu, ni bora kuliko ya kitambaa cha oili. Weka mlango wa springi wa hewa ya akiba, kwa kuwa filta ikiziba supachaja huvuta kwa nguvu na kuimeza. Jaribu injini juu ya sakafu ya zege, kamwe si kwenye udongo mwekundu ambako propela yenyewe hurusha mchanga mdomoni mwa mashine.

Mpangilio wa majaribio

Ndege yenye usajili wa 5H, yaani wa Tanzania, haibadilishwi mfumo wa nguvu kimyakimya. Peleka michoro na mahesabu kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania kabla ya kukata bomba la kwanza.

Endesha injini kwanza bila mkanda, mchepuko ukiwa wazi, hadi joto la oili na maji litulie mahali unapopajua. Kisha funga mkanda na puli kubwa kuliko uliyokokotoa, ya uwiano wa 1.15 hivi kwa SC14, na ufunge ndege kwa kamba kwenye nguzo imara. Soma presha kamili, joto la hewa baada ya intakula, joto la ekzosi na sensa ya oksijeni. Hewa baada ya intakula ikizidi nyuzi 60, usiweke puli ndogo zaidi. Mkanda ukaguliwe baada ya saa ya kwanza na ya tano: mifereji inayong'aa maana yake unateleza, na unga mweusi kwenye kava maana yake puli hazijanyooka.

Wakati huo propela itakuwa inakwambia jambo. Nguvu ikipanda kwa asilimia 19, propela isiyobadilika pembe ikiwa angani hupandisha mzunguko kwa asilimia 6: injini iliyokuwa inafika 5,800 itafika 6,150, na supachaja, ikiwa imefungwa kwenye shafti hiyohiyo, itazidi nayo. Ongeza pembe ya propela hadi mzunguko urudi 6,000 kwenye throto ya kupandia, ndipo upige upya hesabu ya puli ya mwisho.